Bei ya Ekari Isiwe Siri

(Haya ni maneno niliyoyasema mbele ya vijana wenzangu Korogwe, tulipokaa kujadili mradi wetu wa trekta. Wengi mliniomba zile hesabu, kwa hiyo nimeandika yote. Lugha nimeinyoosha kidogo tu, mengine nimeyaacha kama yalivyotoka mdomoni.)

 

Wengi mnajua nasoma sheria, kwa hiyo najua mnachokisubiri: vifungu. Vifungu vipo, vitakuja. Ila kilichonileta hapa mbele ni hili daftari. Kaunta buku la kawaida, limechafuka grisi. Ndani yake kuna kila ekari iliyolimwa na trekta la nyumbani kwetu tangu nikiwa kidato cha tano.

Kwa wasionijua, baba yangu ni mwalimu mstaafu. Alipopata kiinua mgongo alinunua trekta lililotumika, nguvu farasi 75, na jembe la diski tatu. Ilikuwa biashara ya pembeni. Yeye alikuwa bado anafundisha tuisheni, kaka yangu dereva, na mimi nikirudi likizo ndiye karani. Napokea simu, napanga zamu, naandika nani kalipa na nani anadaiwa. Kwa hiyo nitakayoyasema leo, mengine nimeyasoma darasani, lakini mengi nimeyaona shambani.

Sasa tuje kwenye ajenda. Kikundi chetu kimechangishana, kimeomba mkopo wa halmashauri, na Mungu akijalia tutanunua trekta kabla ya masika. Swali lililobaki ni bei. Na mezani kuna mapendekezo matatu.

La kwanza, wanachama wa chama walimiwe kwa bei ya chini, wengine walipe bei ya kawaida. La pili, tukutane na wenye matrekta wengine wa hapa tupatane bei moja ya ekari, ili tusivunjiane soko. La tatu, chama kitoe tamko kuidai serikali itangaze bei elekezi ya ekari.

Mimi nayapinga yote matatu. Ngojeni, msianze kunizomea. Nisikilizeni kwanza, halafu mtazomea kwa hoja.

Nianze na kosa letu la nyumbani, maana siwezi kuwafundisha haki wakati sisi wenyewe tulikosea.

Tulipoanza, bei hatukuipiga hesabu. Tuliuliza: wenzetu wanalima kwa ngapi? Tukaambiwa 35,000. Na sisi tukasema 35,000. Hela ilikuwa inaingia kila siku, baba anafurahi, mimi naandika. Kila jioni tulitoa dizeli, tukamlipa dereva na utingo, kinachobaki tukakiita faida. Tukala. Ada yangu ya kidato cha sita ilitoka humo.

Msimu wa pili, katikati ya Machi, mvua imeshaonekana milimani Usambara, trekta likafa kilachi. Fundi akafungua, akasema na giaboksi nayo si nzima. Hela ya kutengeneza hatukuwa nayo, kwa sababu tulikuwa tumeila, na tulikuwa tunaiita faida. Trekta likakaa chini ya mwembe masika yote. Daftari linaonyesha watu 17 walikuwa kwenye foleni, baadhi wameshalipa nusu. Wengine walipata trekta jingine wakiwa wamechelewa. Wengine walirudi kwenye jembe la mkono, wakalima robo ya walichopanga.

Kwa hiyo naomba tukubaliane hili mapema: bei ya chini si lazima iwe bei ya haki. Ile 35,000 ilionekana huruma. Waliolipia ile huruma ni wale watu 17.

Baada ya hapo tukaangukia upande wa pili. Baba alikopa akatengeneza trekta, na ili arudishe deni akaanza kulima kwa mavuno. Mnaujua huo mtindo. Huna hela Februari, unalimiwa, ukivuna unatoa magunia mawili kwa ekari. Hela taslimu wakati huo ilikuwa 50,000 kwa ekari.

Kuna mama jirani yetu, mjane, nilikuwa namwita mama mdogo ingawa si wa damu. Alilimiwa ekari mbili. Mvua haikukaa vizuri mwaka ule, akapata magunia tisa. Nikatumwa mimi kwenda kuchukua manne. Na si magunia ya kawaida, ni lumbesa, yale yenye kilemba juu, utingo wetu akiyashindilia kwa mguu. Mama mdogo hakusema neno. Alinikaribisha chai. Nyumbani kwake walikuwa watu sita, na wamebakiwa na magunia matano mpaka msimu ujao.

Usiku nikapiga hesabu. Gunia lile la lumbesa lilikuwa kama kilo 120. Mahindi mwezi ule yalikuwa yanauzwa shilingi 600 kwa kilo. Magunia mawili ni kilo 240, yaani shilingi 144,000. Ekari iliyokuwa 50,000 Februari, tumeichukulia 144,000 Agosti. Miezi sita. Wale wakopeshaji tunaowasema kila siku kwenye mitandao kwamba wananyonya wananchi, wangetuonea wivu.

Nilimwonyesha baba. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Lakini alikubali mwenyewe." Na hapo ndipo sheria inapoingia.

Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 10, inasema makubaliano huwa mkataba yakifanywa kwa ridhaa huru ya wahusika wenye uwezo wa kuingia mkataba, kwa malipo halali na lengo halali. Watu wengi tunasoma "alikubali" tunaishia hapo. Lakini ridhaa huru ni zaidi ya kutikisa kichwa. Sitaki kuwaambia kwamba mama mdogo angetushtaki akashinda. Huenda asingeshinda, shida peke yake haivunji mkataba. Ninachosema ni kwamba yeye alikubali magunia mawili bila kuambiwa gunia ni kilo ngapi, na bila kujua kwamba bei ya hela na bei ya mavuno zimepishana karibu mara tatu. Sisi tulijua. Au tungeweza kujua tungepiga hesabu. Yeye hesabu hakuwa nayo.

Tangu siku ile, maana yangu ya bei ya haki ni moja, na ndiyo ninayoomba tuipitishe leo: bei ya haki ni ile ambayo unaweza kumfungulia anayelipa daftari, akaona kila shilingi inaenda wapi, kabla jembe halijashuka ardhini.

Sasa tufungue daftari. Namba hizi ni za mfano, zimetoka kwenye msimu wetu mmoja, kila mtu ataweka zake. Lakini mistari haibadiliki. Kulima ekari moja kwa diski, udongo wa kawaida usio na visiki:

Dizeli, lita 7 kwa shilingi 3,000: 21,000
Dereva na utingo: 7,000
Oili, filta na grisi: 3,000
Diski, beringi, matairi na fundi: 8,000
Uchakavu wa trekta na jembe: 10,000
Kutembea barabarani na kusubiri: 4,000
Bima, simu na mengineyo: 2,000

Jumla 55,000. Ukiweka faida ya 5,000, bei ni 60,000.

Angalieni mistari mitatu.

Uchakavu. Huu ndio tulioula nyumbani. Trekta na jembe vimetugharimu milioni 35. Tuseme baada ya miaka sita tutauza kwa milioni 11. Milioni 24 zimeyeyuka, yaani milioni 4 kila mwaka. Tukilima ekari 400 kwa mwaka, kila ekari imekula 10,000 ya trekta. Hela hiyo haionekani jioni, haidaiwi na mtu, ndiyo maana inaliwa. Lakini tukilima ekari 200 tu, uchakavu unakuwa 20,000 na gharama inafika 65,000. Unaona? Bei inategemea pia umepanga kazi vipi. Ukikimbia leo Mombo, kesho Mnyuzi, keshokutwa Magoma, kwa sababu tu fulani kapiga simu ya kwanza, unachoma dizeli barabarani na ekari zinapungua. Zamu zipangwe kwa kitongoji. Watu wa sehemu moja wajiandikishe, trekta liende likamalize. Hapo ndipo unapopata bei nafuu bila kumwibia mtu.

Dizeli. EWURA hutangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, na Tanga tuna bei zetu kwa mafuta yanayoshukia bandari yetu. Kila mwenye trekta dizeli ikipanda anapandisha ekari, sawa. Anapandisha ngapi? Hapo ndipo ujanja. Kama ekari inakula lita 7, dizeli ikipanda shilingi 300 kwa lita, ekari inapanda 2,100. Siyo 10,000. Na dizeli ikishuka, tushushe. Nyie mmewahi kusikia ekari imeshuka? Mimi sijawahi. Tuwe wa kwanza.

Visiki. Shamba jipya lenye visiki linavunja diski, hilo kila dereva analijua. Kwa hiyo mwenye shamba aonyeshe visiki, avifungie kitambaa au achomeke mti. Alichokionyesha tukikigonga, hasara yetu. Alichokificha, tugawane. Hili liandikwe kabla, maana likisubiri diski ivunjike linageuka ugomvi, na kwenye ugomvi mwenye trekta ndiye mwenye sauti.

Nimesahau kitu? Ndiyo, kubwa kuliko vyote. Ekari yenyewe.

Jamani, ekari ni ngapi? (Hapa ukumbi mzima mlinijibu, "Sabini kwa sabini!") Haya, sabini nini? Hatua. Hatua za nani?

Ekari ni mita za mraba 4,047. Sasa dereva wetu ni mrefu, hatua yake akijinyoosha inafika mita moja. Sabini kwa sabini zake ni mita za mraba 4,900, yaani ekari moja na zaidi ya asilimia 20. Akipima hivyo tunalima bure kipande cha kama 12,600 kwa bei ya 60,000. Utingo wetu ni mfupi, na akitumwa kupima anapiga vihatua vya sentimita 75. Sabini zake ni mita 52 na nusu. Zidisha: mita za mraba 2,756. Hiyo ni kama robo tatu ya ekari, tena haifiki. Mkulima analipa 60,000 akidhani ni ekari, kumbe amelipa kama 88,000 kwa ekari.

Mnaona basi. Mnaweza kukesha hapa mkibishana bei iwe 55 au 60, halafu mtu mmoja mwenye miguu mifupi akaibadilisha ikawa 88, na hakuna aliyepandisha bei. Nchi hii ina Wakala wa Vipimo, inakagua mizani ya sokoni na pampu ya mafuta, na lumbesa imepigwa marufuku. Lakini kipimo kinachoamua mkulima ataanza msimu na deni kiasi gani, bado ni mguu wa utingo.

Dawa yake ni rahisi. Nunueni kamba, ipimeni kwa futi kamba ya fundi seremala, mita 50, na alama kwenye mita 31. Upande mmoja wa shamba mita 50, upande mwingine mita 81, yaani kamba nzima na kipande cha mita 31. Hiyo ni mita za mraba 4,050, ekari moja na chenji ya mita tatu. Mwenye shamba ashike ncha moja, sisi ncha nyingine. Wenye simu za kupimia eneo kwa setilaiti watumie, lakini kamba iwepo, maana simu anaielewa mwenye nayo, kamba inaeleweka na wote wawili.

Sasa nirudi kwenye mapendekezo.

Bei ya chini kwa wanachama. Naelewa nia, tunataka watu waone faida ya kuwa nasi. Lakini fikirini hela ya trekta inatoka wapi. Mkopo ule unatokana na kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura ya 290: halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu, na mikopo hiyo haina riba. Mapato ya ndani ni ushuru. Ushuru wa nani? Wa yule mama anayeuza machungwa, wa muuza mkaa, wa mwenye kadi yetu na mwenye kadi yao na asiye na kadi kabisa. Halafu tumwambie mama huyo: trekta limenunuliwa kwa ushuru wako, lakini onyesha kadi?

Katiba yetu, ibara ya 13, inapoeleza maana ya kubagua inataja waziwazi maoni ya kisiasa. Nakubali, ibara ile inasema zaidi na wenye mamlaka kuliko kikundi cha vijana. Lakini sisi ndio tunaopiga kelele kila siku kwamba huduma ya umma isiangalie kadi. Tukipata trekta moja tu tukafanya hivyohivyo, tukipewa halmashauri tutafanya nini? Tukipewa nchi? Wananchi si wajinga, watatupima kwa trekta.

Kama kuna asiyejiweza, na wapo, tuseme wazi. Katika faida ya 5,000, shilingi 1,000 iende kwenye mfuko wa kuwalimia wazee na wagonjwa, na majina yatajwe na mkutano wa kitongoji, siyo na sisi.

Pendekezo la pili, kupatana bei na wenye matrekta wengine. Hapa naomba msikilize kwa makini, maana hili linaweza kuwapeleka pabaya. Tuna Sheria ya Ushindani, Na. 8 ya 2003. Kifungu cha 9 kinakataza makubaliano ambayo lengo au matokeo yake ni washindani kupanga bei, washindani kumsusia mtu kwa pamoja, au kula njama kwenye zabuni. Haijalishi mmekaa hotelini Dar es Salaam au chini ya mwembe Korogwe. Haijalishi mmeiita "bei ya umoja". Mkiwa washindani, mkapatana kwamba hakuna kulima chini ya 60,000, mmeshaingia humo.

Najua hoja ya upande wa pili, nimeisikia kwa baba: "Wakulima wakipigana bei sisi tunakufa, trekta linaishia chini ya mwembe." Ni kweli, niliwaambia mwenyewe. Lakini dawa ya anayelima kwa hasara ni kumwonyesha hesabu. Kumfunga mdomo haisaidii. Tubandike karatasi yetu ukutani, gharama zote na bei yetu. Mwenye trekta mwingine akipita akaona mstari wa uchakavu, akagundua anakula trekta lake, atapandisha mwenyewe. Mwingine ataona anaweza kulima kwa 55,000 kwa sababu ana trekta linalokunywa kidogo, na alime. Hapo kila mtu kaamua bei yake, hakuna aliyepatana na mtu. Na mkitaka kweli bei moja, basi muwe biashara moja: unganisheni matrekta kwenye chama cha ushirika chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika ya 2013, mali iwe ya pamoja, hasara ya pamoja, daftari moja. Kuchukua bei ya pamoja na kuacha hasara kila mtu na yake, huo siyo ushirika.

(Mzee mmoja aliuliza hapa kama kweli Tume ya Ushindani itakuja mpaka Korogwe kwa ajili ya matrekta manne. Nilimjibu: shikamoo babu, sijui kama itakuja. Lakini sisi hatushiki sheria kwa kuangalia kama polisi yuko njiani. Na mkulima anayekuta matrekta manne yana bei moja isiyopungua, yeye ameshaonewa, tume ije isije.)

Pendekezo la tatu, bei elekezi ya serikali. Hili linapigiwa makofi haraka, na mimi nilikuwa nalipenda. Tulisema: kama EWURA inaweza kwenye mafuta, kwa nini isiwe kwenye ekari? Jibu ni kwamba lita ni lita. Lita ya Pangani na lita ya Kilindi ni sawa. Ekari ya mbuga nyeusi kwenye mpunga wa Mombo, inayoshika jembe kama gundi, siyo ekari ya kichanga. Shamba lenye visiki siyo shamba lililolimwa miaka kumi. Ukiweka bei moja, dereva atakwenda kwenye ardhi laini, na mwenye ardhi ngumu atabaki anasubiri trekta ambalo halitakuja kamwe kwa bei ya serikali, bali kwa bei ya chini ya meza.

Wazee wetu mlioko hapa mnakumbuka. Mwaka 1973 ilitungwa sheria ya kudhibiti bei, ikaanzishwa Tume ya Bei, na bidhaa nyingi zikawekewa bei ya serikali. Ilipofika miaka ya mwanzo ya 80, sabuni na sukari bei yake ilikuwa inajulikana, ila vyenyewe havionekani. Bibi yangu anasema alipanga foleni ya khanga asubuhi mpaka adhuhuri, akarudi mikono mitupu. Sababu zilikuwa nyingi, kulikuwa na vita ya Kagera, fedha za kigeni hakuna. Lakini bei ya karatasini haikuileta sabuni dukani, iliipeleka kwenye magendo. Mwaka 1983 tukaingia kwenye vita ya wahujumu uchumi, watu wakakamatwa, na sabuni bado ikawa adimu.

Kwa hiyo tusiidai serikali bei. Tuidai kazi yake. Wakala wa Vipimo wasimamie kipimo cha ekari ya kulimia kama wanavyosimamia mizani. Mkopo wa asilimia 10 utoke kwa wakati. Ulisitishwa Aprili 2023 ukarudi mwaka wa fedha 2024/25, na sasa umerudi, basi utoke kabla ya msimu wa kulima. Mkopo wa trekta ukitoka Mei, mnakabidhiwa deni, msimu umeshapita. Na halmashauri ibandike orodha ya vikundi vilivyopewa na kiasi walichopewa, ukutani, watu wasome.

Maana ndugu zangu, hapa ndipo pote panapokutana. Mkoa wetu huu wa mkonge unajua vizuri uchungu wa mkulima mdogo kupeleka mazao, akaletewa hela iliyokatwa gharama ambazo hesabu yake hakuonyeshwa. Kila siku tunasema: serikali ifungue vitabu, mikataba isiwe siri, bajeti isomwe. Ni sawa tuseme. Lakini mtu anayeficha hesabu ya ekari moja hana mdomo wa kudai hesabu ya nchi.

Naomba azimio letu liwe fupi, karatasi nusu ukurasa, ibandikwe ofisini na kila dereva awe nayo:

Moja, ekari ni mita 50 kwa 81, inapimwa kwa kamba, mwenye shamba akiwepo.
Mbili, bei ni moja kwa wote, na mistari yake ya gharama imeandikwa chini yake.
Tatu, dizeli ikipanda au kushuka, bei inafuata kwa lita 7, basi.
Nne, anayelipa baada ya mavuno anaambiwa bei zote mbili siku ileile, ya taslimu na ya baadaye, kwa shilingi. Akitaka kulipa mahindi, yanapimwa kwa mizani kwa bei ya soko ya siku hiyo. Hakuna gunia, hakuna lumbesa.
Tano, makubaliano yanaandikwa: jina, ekari, kazi, bei, visiki vilivyoonyeshwa, sahihi au dole gumba. Mkataba wa mdomo nao ni mkataba, lakini mkigombana mkafika Mahakama ya Mwanzo, karatasi haisahau.
Sita, hela ya uchakavu inakaa akaunti yake, na hakuna wa kuigusa, hata mwenyekiti. Samahani, mwenyekiti.

Kuhusu mama mdogo. Baba alimrudishia magunia mawili. Nilikwenda nayo mimi mwenyewe, kwa mkokoteni, maana ndiye niliyeyachukua. Akanikaribisha chai tena. Safari hii alisema: "Mwanangu, mwakani mje na daftari kabla ya kulima, siyo baada." Ndiyo maana nimekuja nalo leo, kabla hatujanunua trekta.

 Sasa mnaweza kuzomea.